Fumua, Lakini Onyesha Wapi

Wauza vitambaa wa mtaa ule walimjua kwa jina la Fumua. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limelala kwenye kitambulisho, ndani ya pochi. Barabarani hakuna aliyelihitaji. Akitokeza tu kwenye kona, muuza vitambaa vya pazia alimgusa jirani yake kiwiko: "Ficha kile chenye kasoro, Fumua huyo." Na kile chenye kasoro ndicho kilichokuwa cha kwanza kuguswa. Alikivuta upande, akakiinua kwenye mwanga, akataja nusu ya bei, kisha akanyamaza huku macho yake yakitembea duka la pili. Muuzaji aliyejishauri kidogo kabla ya kujibu alimkuta ameshavuka barabara.

"Bei ikitajwa hujibiwa papo hapo," alikuwa akisema. "Ukinyamaza, mteja hakungoji. Yuko kwa mwenzako, na chai ameshakaribishwa."

Sheria hiyo aliishika kwa vitambaa miaka yote. Kwa wanafunzi wake wa mtandaoni aliisahau, na hapo ndipo hadithi yake inapoanzia.

Alikuwa fundi cherehani, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mwalimu wa mafundi. Alifundisha kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi, chenye ngazi nyembamba ambayo watu wawili hawakupishana bila kuombana radhi. Chumba kilinuka mafuta ya mashine, pasi ya moto, na rangi iliyokuwa ikipanda toka chini, hata nguo mpya ikienda kwa mwenyewe ilibidi ianikwe kwanza isije ikanuka kama mlango. Cherehani zilipangwa ukutani upande wa dirisha. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, ndefu, yenye makovu ya mkasi, na mguu mmoja uliotiwa kipande cha soli ya kiatu ili isiyumbe.

Jengo lilipouzwa, na magoti yake yalipoanza kudai heshima, chumba kikafungwa. Wengi walidhani Fumua naye amefungwa nacho. Lakini binti wa marehemu mdogo wake, anayefanya kazi za kompyuta ofisini, alikuja na simu na kistendi chake, akavisimamisha kwenye meza ya kulia chakula.

"Mama mkubwa, utafundisha hapahapa. Wanafunzi watakuona kwenye simu zao."

"Na mimi nitawaona?"

"Utaona kazi zao. Watatuma picha, wewe utaandika maoni chini yake."

Fumua aliitazama ile simu kama anavyotazama kitambaa asichokijua: kwanza upande wa nyuma. "Na watanisikia nikiwakemea?"

"Utawakemea kwa maandishi."

"Kukemea kwa maandishi," alisema Fumua, "ni kumpiga mtu kofi kwa barua." Lakini alikubali. Mtu anayekaa bure hushindwa kupatana. Kila bei inayotajwa huiona nzuri.

Masomo yalirekodiwa vizuri. Mikono yake ilijua kazi, na simu iliitazama mikono. Kupima, kukata, kuunga bega, kutia mkono, kukunja pindo. Wanafunzi wakajiandikisha kwa wingi, kina mama wa nyumbani, vijana wa kiume wawili watatu, nesi mmoja mstaafu, na wote wakaanza kutuma picha za mishono yao. Na hapo Fumua akafanya alichofanya.

Alizikusanya zote mpaka Jumamosi. Hivyo ndivyo alivyonunua uzi siku zote, kwa jumla, maana rejareja ni hasara. Jumamosi, akishamaliza kufua, alijimiminia chai, akavaa miwani, akapita picha moja baada ya nyingine kama anayehesabu magunia. Palipomridhisha aliandika "Vizuri". Palipomridhisha zaidi, "Vizuri, endelea". Na pasipomridhisha, neno moja, lile lililompa jina: "Fumua".

Chai ilipokwisha na darasa lilikuwa limekwisha.

Sasa, ili mtu aelewe jinsi mwanamke mwerevu namna ile alivyojikwaa peupe, inabidi arudi kwenye chumba cha juu ya duka la rangi, enzi ambazo Fumua mwenyewe alikuwa msichana asiye na ada. Mwenye chumba wakati huo alikuwa mama mmoja mfupi, mnene, mwenye sauti ya upole isiyolingana na macho yake. Walimwita Bibi Chaki. Msichana alipanda ngazi akamwambia: nitafagia, nitapiga pasi, nitachota maji, wewe nipe cherehani mchana wengine wakienda kula. Bibi Chaki alimtazama toka unyayoni hadi utosini.

"Na wewe utakula saa ngapi?"

"Nitakula nikishajua kushona."

"Basi usichelewe kujua," alisema Bibi Chaki, "maana sipendi kuzika watu."

Bibi Chaki alikata vitambaa kwenye ile meza ndefu akiwa amewapa wanafunzi mgongo. Mgeni angedhani hawajali. Kumbe alikuwa anawasikia. Cherehani zote zikinguruma kwa pamoja, yeye alichambua sauti moja moja kama mama anayejua kilio cha mwanawe kwenye uwanja uliojaa watoto. "Wewe wa dirishani, uzi umekaza." "Wewe wa mlangoni, unakimbizwa na nani?" "Nani huyo anasinzia? Mashine yake inakoroma." Na hakuwahi kugeuka.

Kisha aliweka mkasi chini, akaja. Kipande cha chaki kilikuwa siku zote sikioni, kama kalamu ya karani. Aliinama, akatia alama ndogo nyeupe juu ya kosa lenyewe, pale pale, wakati kitambaa kingali na joto la mguu wa mashine, akasema: "Fumua. Toka hapa mpaka hapa. Halafu usikivute, kiongoze." Akarudi mezani. Basi.

Siku moja msichana yule mfagiaji aliona jambo lililomkera. Blauzi ya mwenzake ilikuwa na makosa kila mahali, pindo limepinda, kola imelala upande, na Bibi Chaki alitia chaki kwenye kwapa peke yake.

"Bibi, na hiyo kola?"

"Nimeiona."

"Mbona humwambii?"

"Samaki hukunjwa angali mbichi, sikatai. Lakini hawakunjwi samaki watatu kwa mkono mmoja. Kola itangoja zamu yake." Akaongeza, bila kuinua macho: "Na wewe kafagie, vumbi haliulizi maswali."

Fumua alijifunza kila kitu toka kwa mama yule, isipokuwa kwamba neno na kidole vilikuwa kitu kimoja. Alipokuja kurithi chumba, alisema "Fumua" huku kidole chake kikiwa tayari juu ya kosa, na hakuwahi kufikiri kwamba kidole ndicho kilichokuwa kinafundisha. Alipohamia mtandaoni, neno likasafiri, kidole kikabaki ghorofani.

Wanafunzi wakaanza kupungua. Mmoja aliaga kwa heshima, wengine walinyamaza tu. Binti alikuja Alhamisi moja alasiri, akaketi, akafungua ukurasa wa darasa kwenye simu yake.

"Mama mkubwa, watu wanaondoka."

"Waende salama. Hata kule kwetu juu waliondoka. Cherehani haimpendi kila mtu."

"Kule kwenu waliondoka wakiwa wameambiwa nini?"

"Waliambiwa wafumue."

"Haya. Huyu hapa umemwandikia 'Fumua'. Afumue nini?"

"Mshono."

"Upi? Shati lina mishono mingapi?"

"Anayeshona anaujua."

"Angeujua, angeukosea?"

Fumua alishika kikombe, akakiweka. Hakupenda kubanwa kwenye bei, na hapa alikuwa amebanwa. Akajaribu mlango wa pili. "Wewe tangu lini unajua kushona?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza kama wao." Binti alisogeza kidole juu ya kioo. "Na huyu mwenye paka ndiye ananitia wasiwasi."

Fumua alimjua mwenye paka, yaani alizijua picha zake. Alikuwa mama aliyefanya usafi maofisini miaka mingi, akaachishwa, shemeji yake akampa cherehani ya zamani ajaribu bahati. Kila picha aliyotuma ilikuwa na mkia wa paka pembeni, au sikio, au paka mzima amejilaza juu ya kitambaa kama mhuri. Fumua alimwita Mama Paka, kimoyomoyo, na kwenye karatasi zake pia.

"Ana nini Mama Paka?"

"Sikiliza." Binti alisoma. "Hii ni ya wiki mbili zilizopita: 'Mwalimu, mshono wa begani unakunjamana, nifanye nini?' Ukamjibu Jumamosi: 'Fumua.' Akafumua, akashona tena, akatuma: 'Mwalimu, bado unakunjamana.' Ukamjibu Jumamosi iliyofuata: 'Legeza uzi.' Jumatatu hii akaandika: 'Mwalimu, nimelegeza, bado. Ijumaa asubuhi nimeambiwa nipeleke shati la mfano shuleni, mkuu wa shule anatafuta fundi wa sare. Naomba unisaidie kabla ya hapo.' Jumanne akaandika tena. Jana akatuma picha. Leo mchana ameandika hivi." Binti akasogeza simu karibu na macho. "'Mwalimu, asante kwa yote. Naona kazi hii si ya watu kama mimi. Shati sitalipeleka. Cherehani namrudishia shemeji kesho.'"



"Leo siku gani?" aliuliza Fumua.

"Alhamisi."

"Mimi husahihisha Jumamosi."

"Na mkuu wa shule anamngoja Ijumaa."

Fumua alivua miwani. Aliona mbele yake barabara ya wauza vitambaa, na muuzaji mmoja mzembe ametajiwa bei na mteja mwenye haja ya kweli, naye amekaa anakunja vitambaa vyake, anapanga kujibu Jumamosi. Angekuwa mtu mwingine, Fumua angemcheka mpaka magoti yaache kuuma.

"Mpigie," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Wewe mpigie. Usemi ni wangu."

Simu iliita mpaka karibu ikatike. Kisha sauti ya mwanamke, ya adabu, na baridi kama maji ya mtungi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Nimesikia unarudisha cherehani."

"Ndiyo, Mwalimu. Haina tabu."

"Shati liko wapi?"

"Lipo. Paka amelilalia."

"Mtoe paka. Nitazamie lile bega."

"Mwalimu, hilo bega nimelifumua hadi kitambaa kimeanza kutoa ndevu. Ulisema fumua, nimefumua. Ulisema legeza uzi, nimeulegeza mpaka naweza kuanikia nguo. Sasa leo utasema nini, nami kesho asubuhi niko mbele ya watu?" Adabu ilikuwa inachanika pole pole. "Tena nikwambie, Mwalimu, usinikasirikie. Nilipokuwa nafagia maofisi, nikiacha vumbi chini ya meza, bosi alinionyesha meza. Hakusema 'Fagia' akaenda zake."

Binti aliangalia dirishani. Fumua alivuta kiti karibu na simu. Kisha akasema, "Umesema kweli, na bei hiyo siipunguzi. Sasa kaa kwenye mashine. Chukua kitambaa chakavu, kile kile cha shati. Weka simu karibu na sindano. Kanyaga."

"Nishone nini?"

"Usishone kitu. Nishonee sauti."

Palikuwa na kishindo cha kiti, mlio wa paka aliyedhulumiwa, kisha cherehani ikaanza. Fumua alifumba macho. Sauti ilikuja ndogo, ya mbali, kama iliyofungwa kwenye kopo. Lakini alikuwa amesikia mashine maisha yake yote, na miaka ya mwanzo aliisikia akiwa na ufagio mkononi, wakati hana mashine yake ya kumchanganya. Uzi haukuwa umekaza. Uzi uliokaza hulia kama mbu. Mkanda haukuteleza. Kulikuwa na kitu kingine chini, kikavu, tak, tak, tak, kila sindano iliposhuka.

"Simama," alisema.

"Nimekosea?"

"Wewe hujakosea. Sindano yako haichomi, inabisha hodi. Ulibadilisha lini sindano?"



"Kwani sindano hubadilishwa?" aliuliza Mama Paka. "Si mpaka ivunjike?"

Fumua alifumbua macho. "Shemeji yako alishonea nini hiyo mashine?"

"Viti vya magari. Maturubai pia."

"Basi unashona shati la mtoto kwa msumari wa turubai, tena butu. Kinachokunja bega si uzi. Ni kitambaa kinasukumwa chini kwa nguvu badala ya kutobolewa."

"Lakini Mwalimu, kwenye masomo yako hukusema habari ya kubadilisha sindano."

Hilo lilimkuta Fumua pabaya, kwa sababu alijipekua haraka, somo baada ya somo, na kweli hakulisema. Na hakulisema kwa sababu hakuambiwa. Kule juu, kila Jumatatu asubuhi walikuta mashine zimefutwa vumbi, zimetiwa mafuta, na kwenye kisahani kando ya dirisha pana sindano za zamani, zimelala kama samaki wadogo. Bibi Chaki alikuwa amezibadilisha zote kabla mtu hajapanda ngazi. Walidhani wao ni mafundi hodari, mishono inalala vizuri. Kumbe nusu ya uhodari wao ilifungwa kwenye mashine na mama yule Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyewahi kuuliza kile kisahani ni cha nini. Baadaye Fumua naye alibadilisha sindano za wanafunzi wake vivyo hivyo, kwa mazoea aliyoyarithi pamoja na chumba, mikono ikienda, mdomo umefungwa.

Kwa kitambo kidogo alikuwa kule. Mwanga wa asubuhi juu ya meza yenye makovu, kile kisahani, harufu ya rangi ikipanda ngazi. Mama mfupi akifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, akisema, "Mnasimama nini mlangoni? Mnangoja mkaribishwe na mashine?"

Angemwambia sasa kwamba amekiona kisahani. Bibi Chaki angemjibu: umechelewa, kafagie.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo. Mtaani kwako hakuna duka la vifungo na uzi?"

"Lipo, kona ya pili."

"Kaombe sindano ya mashine ya kitambaa chepesi. Waambie aina ya mashine yako, wasije wakakupa isiyoingia. Nenda sasa hivi, simu usiikate."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Fumua na binti wakabaki wanasikiliza chumba wasichokijua: saa yenye mshale mzito, pikipiki nje, na paka aliyekuja karibu kabisa na simu, akapumua, kisha akaanza kujilamba.

"Anajilamba," alisema binti.

"Nasikia. Yeye kazi yake haifumuliwi."

"Mama mkubwa, bando linakwenda."

"Liende. Ningekuwa na mteja dukani ningemwacha kwa sababu ya taa inayowaka?"

Mama Paka alirudi anahema. Alitaja alicholipa, na Fumua akashika kichwa.

"Umelipa bila kupatana?"

"Mwalimu, nilikuwa na haraka!"

"Haraka ndiyo wanayoiuza. Haya. Ile ya zamani, kabla hujaitoa, tazama upande wake bapa umeelekea wapi. Mpya nayo iangalie huko huko. Isukume juu mpaka igome, ndipo ukaze. Usinishonee shati bado. Kitambaa chakavu kwanza."

Mashine ikaanza tena. Safari hii haikubisha hodi. Ilikuja sauti moja laini, iliyonyooka, kama mtu anayesema "ndiyo ndiyo ndiyo" bila kukasirika. Mama Paka alishona mpaka mwisho wa kipande. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa mlango ambao alikuwa akiusukuma, kumbe unavutwa.

"Mwalimu! Umelala! Mshono umelala kama mtoto!"

"Tuma picha. Sasa, si kesho."

Picha ikaja, na mkia kwenye kona. Binti alimwonyesha Fumua jinsi ya kuchora juu ya picha kwa kidole. Palikuwa na rangi nyingi za kuchagua, nyekundu, kijani, hata zambarau. Fumua alichagua nyeupe. Akarudi kwenye picha ya jana ya shati, akachora alama mbili ndogo juu ya bega la kushoto, akishangaa jinsi kioo kisivyo na joto la kitambaa. Akaituma.

"Umeziona alama?"

"Nimeziona."

"Fumua toka hapo mpaka hapo. Halafu usikivute, kiongoze."

"Mwalimu, hata kola imelala upande."

"Nimeiona."

"Niifumue?"

Fumua alikuwa na sababu mbili za kukataa. Moja, ile ya samaki watatu, aliiacha ghorofani. Nyingine ilikuwa ya sokoni, na hiyo ndiyo aliyoisema. "Mnunuzi wa sare hushika bega kwanza, avute aone kama litahimili watoto. Kola ataitazama akishapenda bega. Jua bado lipo, lakini si la kufumua shati zima. Shona bega."

Alikaa naye kwenye simu mpaka bega la kushoto likaisha, na la kulia. Hakusema mengi. Mara moja alisema, "Unakimbizwa na nani?" na mashine upande wa pili ikapunguza mwendo. Mara moja alisema, "Hapo sawa, kwa sababu umeshika mbele na nyuma, fanya hivyo hivyo pande zote." Binti aliyekuwa ameketi kando aliona kwamba neno "vizuri" halikutoka hata mara moja, na Mama Paka hakuonekana kulikosa.

Ijumaa Fumua hakwenda popote. Alifua shuka ambazo hazikuwa chafu, akapanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha akavirudisha vilivyokuwa. Simu aliiweka juu ya meza ikiwa imeangalia juu. Ilipoita, aliiacha iite mara moja ili isionekane alikuwa akiingoja.

"Mwalimu, nimepeleka."

"Akashika wapi?"

"Begani! Kama ulivyosema! Akavuta hivi, akavuta hivi. Akasema bega zuri. Halafu akatazama kola." Sauti ilishuka. "Mashati amempa fundi mwenye duka. Mimi amenipa sketi. Za muhula mmoja, anijaribu."

"Sketi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Pole yako, umehangaika bure."

"Pole ya nini? Sketi haina kola, haina mkono, haina kwapa. Mshono unatoka kiunoni unateremka kwenye pindo kama mtu anayejua kwao. Mwonee huruma huyo aliyepewa mashati. Bei mmekubaliana?"

"Ametaja. Nimemwambia nitafikiri, nitamjibu Jumatatu."

Fumua alisimama wima, magoti yakalia. "Jumatatu! Amekutajia bei, wewe unataka akalale nayo? Kata simu. Mpigie sasa hivi, taja juu kidogo ya yake, halafu unyamaze umwache yeye ahangaike. Nenda!"

Simu ilikatika kabla hajamaliza. Aliona hilo ni jibu zuri.

Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa siku ya kufua tu. Wanafunzi waliobaki walipata maelekezo mapya: picha peke yake haitoshi, tuma na sauti ya mashine yako, na atakayetuma kabla ya adhuhuri atajibiwa kabla jua halijazama. Majibu yakawa mafupi, na kila moja likawa na alama nyeupe mahali pake. Nesi mstaafu alilalamika kwamba sasa anafumua zaidi kuliko zamani. Kijana mmoja aliyekuwa ameondoka alirudi bila kusema amerudi, akatuma pindo. Na somo la kwanza kabisa likarekodiwa upya, Fumua ameshika sindano kuukuu mbele ya simu, na kando yake kisahani.

"Kisahani cha nini, Mama mkubwa?" aliuliza binti akirekebisha kistendi.

"Cha Jumatatu. Washa."

Mama Paka alitumia muhula mzima kushona sketi. Siku moja asubuhi alituma sauti bila maneno, mashine tu. Fumua alikuwa jikoni ameipa simu mgongo, anaosha vikombe. Ilitoka sauti laini, ndefu, iliyonyooka, paka akalia mara moja kwa mbali, na mashine ikafika mwisho wa mshono ikasimama.

Alisimama na yeye, kikombe mkononi, maji yakimchuruzika kiwikoni. Kwa kitambo cha mshono ule alikuwa amesikia mashine nyingi, si moja, zimepangwa ukutani upande wa dirisha.

Kisha akafuta mkono mmoja kwenye kanga ya kiunoni, akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Mwisho hujafunga. Rudi nyuma kidogo, mishono mitatu, kabla hujakata uzi."